Kushika Funguo za Nyumba ya Watu

Mtu anapoajiriwa kuwa msimamizi mkuu wa nyumba kubwa, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni funguo zilizotungwa kwenye pete moja, na wengi hudhani kwamba kwa kuzifunga kiunoni wameshaianza kazi. Funguo zile ni za mwenye nyumba hata zikilala chini ya mto wako. Kilicho chako ni hesabu ya vitu vilivyoko nyuma ya kila mlango, na mpaka utakapokuwa nayo kwa maandishi, huna tofauti na bawabu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayeishika kazi hii kwa mara ya kwanza katika mji wetu wa Tanga, iwe katika nyumba za Raskazone zenye bustani zinazotazama bahari, au katika zile za Ngamiani ambamo ukoo mzima, tangu bibi mpaka vitukuu, hula kutoka jiko moja. Ukubwa ninaousema haupimwi kwa vyumba, hupimwa kwa sahani: nyumba inayopakua sahani 60 kwa siku inahitaji mtu ambaye kazi yake si kupika wala kufua, ni kujua kila kitu kiko wapi, ni kiasi gani, na kimo mikononi mwa nani.

Chini yako watakuwapo mpishi na msaidizi wake, dobi, yaya, mfanya usafi, mtunza bustani, dereva na walinzi wa zamu. Juu yako yuko mwenye nyumba, ambaye kwa desturi zetu za pwani mara nyingi ni watu wawili: bwana anayetoa fedha na bi mkubwa anayetoa amri. Ukipokea maagizo mawili yanayopingana, usijichagulie la kufuata kwa kumwogopa mmoja wao. Rudi kwa aliyekuagiza kwanza, umweleze kwa adabu kwamba limekuja agizo jingine, na umwachie yeye na mwenzake wakubaliane. Nimewaona wasimamizi hodari wakipoteza kazi kwa sababu waligeuka waamuzi wa mambo ya mume na mke.

Kuhusu jina lenyewe la cheo, ni vyema ukajua kwamba lina historia isiyopendeza. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19, yaliyolimwa na watumwa, ngazi ya uongozi ilikuwa msimamizi, chini yake nokoa, kisha kadamu. Nokoa na kadamu wameshasahaulika, ila msimamizi tunaye hadi leo, na neno limebaki na harufu ya shamba. Wafanyakazi huisikia harufu hiyo mara tu msimamizi anapoanza kufoka.

Makabidhiano

Usikubali kupokea nyumba kwa maneno. Omba siku mbili au tatu za kuhesabu kabla hujaanza kutoa amri yoyote, na hesabu hiyo ifanyike mbele ya bi mkubwa au mtu aliyemteua, pamoja na msimamizi anayeondoka kama bado yupo. Andika chumba kwa chumba: shuka na foronya, mazulia, mapazia, sahani za kila siku na zile za wageni, masinia, sufuria kwa ukubwa wake, birika, vijiko. Kwa kila kitu andika idadi na hali yake, kwa sababu sahani 48 zenye 9 zilizovunjika ukingo si sawa na sahani 48. Mwisho wa kila ukurasa weka saini yako na ya aliyeshuhudia.

Funguo nazo zihesabiwe na zijaribiwe moja moja. Katika nyumba yangu ya kwanza nilipewa funguo 31, na baada ya asubuhi nzima ya kuzungukia milango, makabati na makufuli, ulibaki mmoja ambao hapakuwa na mtu aliyejua unafungua nini. Nikaufunga kibandiko kilichoandikwa "haujulikani" na nikauingiza daftarini. Mwenye nyumba alicheka, lakini alitia saini.

Kuna ufunguo mmoja unaopaswa kuukataa hata ukibembelezwa, nao ni wa sefu ya dhahabu na nyaraka za nyumba. Kuaminiwa ni heshima, ila dhahabu ya mwanamke haina sababu ya kuwa chini ya mtu wa mshahara, na siku mkufu mmoja utakapokosekana, hata ukiwa umesahauliwa kwa fundi sonara, wewe ndiye utakayelala polisi.

Stoo

Hapa ndipo kazi ilipo, na msimamizi anayeijua stoo yake anaweza kusamehewa makosa mengine mengi. Nabii Yusufu alipoomba awekwe kwenye hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili tu, kwamba anajua kulinda na ana ujuzi, na mpaka leo sijaona tangazo la kazi yetu lililoeleza vizuri zaidi ya hapo.

Anza na unyevu. Tanga ni mji wa bahari, na katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, chumvi hulowa ndani ya kopo, unga hushikana mabonge na mchele hupata fukusi ndani ya wiki chache. Magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yainuliwe juu ya chaga za mbao, kiasi cha shubiri moja kutoka chini, na yaachiwe nafasi ya hewa nyuma. Unga ununuliwe kidogo kidogo msimu huo hata kama bei ya jumla inavutia. Wazee wetu huweka majani makavu ya mwarobaini katikati ya nafaka, nami nafanya hivyo hivyo, ingawa hakuna kinachoshinda kuchungulia kila wiki na kuanika juani mapema. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza: andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila gunia na kila dumu, maana jicho la mpishi daima huangukia lililo karibu na mlango.

Baada ya hapo ni kupima. Nunua mzani, na uwe na kibaba cha stoo ambacho hakitoki stoo. Kipimo kinachozunguka kati ya jiko na stoo hubadilika; leo ni kopo la maziwa, kesho ni kikombe kilichovunjika mkono, na hesabu yako inakuwa ya kubahatisha. Mgao wa siku nzima utolewe mara moja, alfajiri, kabla moto haujawashwa. Kwangu huwa saa kumi na moja na nusu, na huenda hivi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo tuko wangapi?"

"Kama kawaida."

"Kama kawaida si idadi."

Hapo mpishi hulazimika kuhesabu kwa vidole: wenyeji 14, wafanyakazi 7, na wageni 2 waliolala kutoka Muheza, jumla watu 23. Kwa chakula cha mchana mimi hukadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 8, au kwa watu 6 kama wengi wao ni wa kazi za mikono, na watoto wadogo nawahesabu nusu. Basi mpishi hupimiwa kilo 3, na mafuta yake, na nazi zake, nami naandika mbele yake, naye anaweka alama yake pembeni. Jambo hili huchukua dakika kumi. Msimamizi anayeona dakika hizo ni nyingi atazitumia mara kumi zaidi mwisho wa mwezi akieleza gunia limekwenda wapi.

Na kwa kuwa tuko kwenye kueleza, nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilikadiria kilo 18 za sukari kwa mwezi, zikaisha siku ya 22. Nilimwita mfanya usafi, ambaye chumba chake kilikuwa karibu na stoo, nikamhoji mbele ya wenzake. Alilia, akakana, na mimi sikuamini. Siku mbili baadaye nilikaa barazani baada ya swala ya alasiri nikaona kitu ambacho kilikuwa kikitokea mbele ya macho yangu kila siku: mama mzazi wa bwana alikuwa akipokea wageni wake, wazee wanane au tisa, na kila mmoja akinywa vikombe viwili vya chai tamu sana na kashata. Chai ile haikuwa kwenye daftari langu kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa chakula. Nilimwomba radhi yule binti mbele ya wale wale niliomfedhehesha mbele yao, na tangu siku hiyo daftari langu lina safu yake ya pekee iitwayo "baraza". Hesabu inapopungua, tafuta kwanza matumizi usiyoyaandika, kisha kosa lako la kupima, kisha uharibifu wa panya na unyevu. Wizi uwe wa nne.

Soko

Nani aende sokoni ni swali lenye majibu mengi, nami nasema aende mpishi pamoja na dereva, na mara moja kwa wiki uende mwenyewe ili ujue bei. Asiyejua bei ya soko la Mgandini hawezi kukagua matumizi ya fedha za jikoni. Viazi, karoti na kabichi nyingi hututeremkia kutoka Lushoto, na machungwa kutoka Muheza, kwa hiyo mvua kubwa inapoharibu barabara za milimani, tarajia bei kupanda kabla hata muuzaji hajakuambia.

Samaki wanataka elimu yao. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo maji hutoka mbali kiasi cha watu kutembea miambani kwa miguu wakitafuta pweza. Panga pweza wa nyumba yako siku hizo, wala usimdai mpishi pweza wakati wa maji mafu. Upepo wa kusi unapokaza katikati ya mwaka, mashua ndogo huenda baharini kwa taabu, na ni busara kuwa na samaki wa akiba kwenye friza, au kurudi kwenye kunde na maharage bila kuona haya. Samaki anayeletwa umfunue matamvua: yawe mekundu, macho yawe yamejaa na angavu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi. Kisha mpime tena kwenye mzani wako. Mchuuzi wa samaki hatoi risiti, kwa hiyo risiti uiandike wewe, yaani tarehe, aina, kilo na bei, na walioleta waweke saini wote wawili. Ukilipa kwa simu, usisahau kuandika makato. Ni fedha ndogo kwa siku moja, lakini kwa mwezi hugeuka pengo ambalo bwana ataliona.

Watu walio chini yako

Wasimamizi wengi hudhani mfanyakazi wa nyumbani yuko nje ya sheria kwa kuwa analala kwenye nyumba anayoifanyia kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu kama inavyomhusu wa kiwandani: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, siku za kazi hazizidi 6 kwa wiki, anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya saa 1, na kila mwaka apate likizo ya malipo ya siku 28. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mama anayejifungua ana siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 haajiriwi, na hapa naomba tusidanganyane kwa maneno ya "nimemleta kutoka kijijini asaidiwe". Akiwa anaosha vyombo vya watu 23, ameajiriwa. Kima cha chini cha mshahara kimewekwa na Amri ya Mshahara, ambayo hutenganisha madaraja ya wafanyakazi wa majumbani na hubadilishwa kila baada ya muda, hivyo tafuta iliyopo sasa kabla ya kumshauri mwenye nyumba.

Ugumu wa saa 45 hauko kwenye karatasi, uko kwa mpishi. Anaamka alfajiri na kulala baada ya vyombo vya usiku, na ukimhesabia vizuri utakuta amefikisha saa 14. Dawa yake ni zamu: mpishi ashike asubuhi na mchana, msaidizi ashike jioni, na kati yao kuwe na saa moja ya kukutana na kupeana habari. Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima igeuzwe. Anayeamka saa tisa usiku kuandaa daku apewe mchana wake alale, na maandalizi ya futari yaanze na mtu mwingine mwenye nguvu. Nimewahi kuona nyumba ya wacha Mungu ambamo bi mkubwa alilala mchana kutwa na mpishi, ambaye naye alifunga, hakulala kabisa.

Usiajiri wapwa zako. Mmoja akiingia, wengine watanyamaza kila unapopita, na habari za nyumba zitaacha kukufikia. Mtu akikosea, muite pembeni, mwambie kosa moja tu, lile la leo. Mshahara utoke tarehe ile ile kila mwezi kwa saini, hata kama bwana yuko safarini, jambo linalokulazimu kumkumbusha wiki moja kabla. Na jina la mtu ulitamke kwa heshima inayomstahili: mlinzi aliyekuzidi umri umwamkie shikamoo wewe, ingawa ndiye unayempangia zamu.

Umeme, gesi na maji ni mambo ya dakika chache kila asubuhi. Soma luku na uandike uniti zilizobaki. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uupime kwenye mzani wa stoo, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake, nawe utajua kilichobaki badala ya kuutikisa. Usimame wima, ukae nje ya jiko penye hewa, na maungio yake uyapake povu la sabuni kila unapobadilishwa. Panapochemka vipovu pana uvujaji. Umeme ukikatika, funga friza na ukataze kufunguliwa: iliyojaa hutunza baridi yake kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa 4.

Harusi na msiba

Harusi hukupa muda, na kwa sababu hiyo makosa yake hayasameheki. Sinia moja ni watu 5, kwa hiyo wageni 200 ni masinia 40, na kwa pilau mimi hutoa kilo 30 za mchele, nikiweka kilo 5 pembeni ambazo mpishi hajui kuwa zipo. Msiba hautoi muda. Taarifa huja saa nane usiku, na kufikia alfajiri watu wameshajaa uani. Nyumba kubwa iwe na akiba yake ya msiba isiyoguswa: gunia la mchele, sukari, majani ya chai, mikeka, birika kubwa na vikombe vya kutosha, akiba hiyo izungushwe kila miezi mitatu ili isiozee mahali pake.

Siku hiyo msimamizi mgeni huwa na tamaa ya kuongoza jiko. Asithubutu. Jiko la msiba ni la kina mama wa mtaa, wana mkubwa wao na desturi zao, na mtu wa mshahara akianza kuwaamrisha ataharibu ujirani wa miaka. Kazi yako ni kufungua stoo, kutoa wanachoomba, na kuandika, hasa vyombo. Sufuria zitaazimwa kutoka nyumba kumi, na zenu zitachanganyika nazo. Zetu nilizipaka doa la rangi ya kijani chini ya kitako, na za watu nikazifunga uzi wenye jina la nyumba zilikotoka, kabla hazijawekwa mekoni. Arobaini ilipofika tulikuwa tumesharudisha zote, isipokuwa mwiko mmoja ambao majirani wawili waliugombania, na mimi sikuingilia.

Kuondoka

Kila Ijumaa jioni, au siku yoyote mtakayokubaliana, kaa na mwenye nyumba kwa nusu saa umsomee daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kilichovunjika. Soma na vilivyovunjika hata asipouliza. Ukizoea hivyo, siku ya kuondoka haitakuwa na maneno mengi. Toa taarifa ya siku 28 kwa maandishi kama unalipwa kwa mwezi, omba cheti chako cha utumishi, kisha urudie ile kazi ya mwanzo pamoja na anayekurithi, chumba kwa chumba, ukurasa kwa ukurasa. Funguo zilazwe mezani na zihesabiwe kwa sauti. Ule ambao mlango wake haukupatikana nao uhesabiwe, na ukabidhiwe na kibandiko chake.